Sikio la Agness

Mugango,
Jumapili, 10 Machi 2024

Mwanangu Agness,

Ni mimi mama yako, na huu mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Kaka yako Enos yuko ziwani, nyumba iko kimya, nimeona niseme na wewe hivi.

Nimekupigia tangu Jumatano kwa simu ya Enos. Yule dada wa kwenye simu ananiambia haupatikani, haupatikani. Jana nikamwambia na wewe tafuta kazi nyingine. Halafu hata ungepatikana, simu ya Enos ukiongea nayo hapa mwaloni wanasikia mpaka wanaoanika dagaa, na jioni wananirudishia maneno yangu. Kwa hiyo ni bora karatasi.

Marieta alirudi jana kutoka soko la Bunda, dagaa zote amemaliza. Badala ya kunipa habari za soko akanishika mkono, akaniuliza, "Mama Yuliana, Agness anaendeleaje?" Nikamwambia anaendelea na nini? Akanyamaza. Wewe unamjua Marieta. Toka lini ananyamazaga yule?

Nikamkalia mpaka akasema. Kwamba watu wa sokoni walikuwa wanasimulia kuna fujo ilitokea zahanati, mtu amempiga nesi, nesi mfupi mweusi wa huku ziwani. Wafupi weusi wa ziwani tuko wengi, lakini nesi wa zahanati ile najua ni mmoja.

Mwanangu, niambie ukweli. Umepigwa? Nani amekupiga? Umeumia wapi? Unakula? Mimi tangu jana chakula kinapita kama mchanga. Nilipokupeleka chuo nilijua kazi ya kuamka kila saa, kazi ya damu za watu. Kupigwa hatukuambiwa.

Nimekufungia samaki furu wakavu kwenye gazeti, na limau mbili. Marieta ndiye anayeleta, na ndiye atakayenirudishia majibu. Usimpe majibu ya mdomo. Niandikie.

Mama yako,
Eufrasia


Bunda,
13 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata na furu nimeipata, nimeshaipika na nyanya.

Watu wa sokoni wanapenda kukuza mambo. Kuna baba mmoja alileta mgonjwa, akachanganyikiwa, akanisukuma kidogo. Simu yangu ikaanguka ikavunjika, ndiyo maana hunipati. Mambo haya yanatokea kazini, nimeyazoea. Nimepewa siku chache za kupumzika.

Usije, mama. Mvua imeharibu barabara na nyumba yangu ni chumba kimoja. Na tafadhali usiulizeulize watu. Mambo mengine yakiguswa yanawaumiza ambao hawamo.

Nakula vizuri.

Mwanao,
Agness


Mugango,
Jumapili, 17 Machi 2024

Agness mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale uliposema alinisukuma kidogo nilirudi nikapasoma tena ili nipumue. Nimeenda kanisani leo nimeimba na sauti yangu yote, mpaka mwalimu wa kwaya akageuka.

Sasa na mimi nina habari. Jana tulipata wageni wa heshima. Mkwe wetu Mzee Nathanieli alitoka Butiama na wazee wawili, wamevaa makoti na jua lile. Kumbe aliyekusukuma ni Gibson, mtoto wake, shemeji yake dada yako Yuliana, huyo aliyehamia huko Bunda kulima pamba. Ukaninyima jina. Nimeelewa. Ulikuwa unamlinda dada yako kwenye ndoa yake, na Mungu amekuona.

Wamekuja vizuri, Agness. Hawakuja mikono mitupu, wala hawakuja na maneno ya dharau. Mzee amesema watoto walisukumana, hasira ya mtu mwenye mgonjwa, anaomba tuyamalize kama wakwe. Nikakumbuka na wewe uliandika hivyohivyo, alinisukuma. Nikasema basi. Tulikula vizuri, nyumba inanuka nyama mpaka leo. Mengine nitakueleza ukija, lakini tulia, moyo wako upoe. Mama yako yupo na nimeshalishughulikia.

Njoo kwa Pasaka. Nitakukaangia sato.

Mama yako,
Eufrasia


Mwisenge, Musoma,
Jumapili, 24 Machi 2024

Mama,

Leo sitaanza na shikamoo, utanisamehe au hutanisamehe.

Juzi niliitwa polisi Bunda. Nilidhani wananiita kwa ajili ya maelezo ya nyongeza kwenye shauri nililofungua. Mpelelezi akafungua faili, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaniuliza, "Dada, mbona mnatusumbua? Mmeshasameheana." Chini kuna jina lako. Eufrasia, kwa mwandiko wako, ile E yako yenye mkia. Inasema familia ya mlalamikaji imepokea mbuzi wa suluhu, imekula pamoja na familia ya mtuhumiwa, imesamehe, haina dai lolote, na inaomba shauri lifutwe.

Nani alikupa ruhusa? Mimi nina miaka ishirini na tisa. Nina leseni ya serikali ya kumchoma binadamu sindano. Sina ruhusa ya kusema nimepigwa?

Sasa nakueleza, na uisome yote. Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki ya watoto. Kasmiri, mganga wetu mfawidhi, alikuwa kwenye semina. Mhudumu alikuwa msibani. Niko peke yangu na kina mama arobaini kwenye foleni. Gibson akaingia na mkewe, mtoto ana degedege, macho yamegeuka. Sikumwambia apange foleni. Nilimchukua mtoto palepale. Kipimo kikasoma malaria. Dawa ya sindano ipo, lakini mama, ile dawa inachomwa kwa kilo. Ukikosea kilo unaweza kumpoteza mtoto mkononi mwako. Kwa hiyo nikamweka kwenye mizani kwanza, nikachukua simu yangu nipige hesabu ya dawa.

Gibson akasema, "Mtoto anakufa wewe unampima kama dagaa, na simu unachezea." Nikamwambia shemeji, dakika moja. Hiyo dakika moja ndiyo aliyonipigia. Kofi la sikio la kushoto kwa mkono wake wote. Nikaangukia kona ya meza. Akaichukua simu akaikanyaga na buti. Kisha akanipiga teke hapa chini ya mbavu, nikiwa chini.

Kina mama arobaini, mama. Kila mmoja akaangalia khanga yake.

Niliinuka. Kilo tisa na nusu. Hesabu nikaifanya kwa kalamu kwenye kiganja, damu inatiririka shingoni, nikamchoma mtoto wake. Yule mtoto mzima, anacheza. Mimi ngoma ya sikio imepasuka. Kuna mluzi humo ndani haunyamazi, hata nikiweka simu sikio zima, mluzi unapita juu ya sauti ya mtu. Ndiyo sababu nakuandikia hata sasa nikiwa na simu ya kuazima. Niko kwa shangazi hapa Mwisenge kwa ajili ya hospitali, tangu jana, na sikuja nyumbani kwa sababu sikutaka uone uso wangu.

Kasmiri ameniambia nisiharibu jina la zahanati. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia nisiharibu jina la kijiji. Wewe umeniambia umeshalishughulikia.

Mlikula nini hasa, mama? Nataka kujua. Ilikuwa tamu?

Agness


Mugango,
26 Machi 2024

Agness,

Barua yako Marieta aliniletea nikiwa naosha vyombo. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama nimefiwa.

Nitakujibu ulichouliza. Tulikula mbuzi dume, mweupe. Ini lilikatwa vipande viwili, nusu wakala wao, nusu tukala sisi, kama unavyojua inavyokuwaga. Lilikuwa tamu. Sitakudanganya, mmoja wetu ameshadanganya inatosha.

Karatasi waliitoa baada ya ini. Mzee Nathanieli akasema ni ya kuonyesha tumepokea mbuzi, tusije tukakanana. Nilianza kuisoma. Darasa la nne langu linaenda polepole, maneno yale ni ya ofisini. Nimefika mstari wa tatu, mzee akasema, "Mkwe, nyama inapoa." Wakwe wamekaa, wameshika mikono, wananingojea mimi niliyeinamia karatasi kama mtoto wa shule. Nikaona aibu. Nikaandika jina.

Hilo ni kosa langu na nitakufa nalo. Lakini sasa na mimi nina hasira, sikiliza. Nilikuuliza. Nilikuandikia umeumia wapi, nani amekupiga. Ukaniandikia alinisukuma kidogo. Walipokuja na maneno yao niliyapima kwa maneno yako, nikaona yanalingana. Ungeniambia sikio, Agness, ungeniambia buti, wale wazee wangerudi Butiama na mbuzi yao inawalilia njia nzima. Ulinificha uso wako kama mimi ni mgeni. Mimi niliyekutoa usaha kwenye hilohilo sikio ukiwa na miaka miwili, kwa mdomo wangu.

Mtu anampigaje binadamu aliyemshikia mtoto wake? Tangu jana najiuliza. Hata mbwa akizaa, anayemshikia watoto anamwangalia kwanza.

Sijui nifanye nini, ila sitakaa.

Mama yako


Butiama,
28 Machi 2024

Mama,

Shikamoo mama. Nimesikia umemtuma Marieta kuuliza habari za mahakama. Huku kila kitu kinasikika, na mimi ndiye ninayekaa huku.

Nakuomba uliache. Umeshakula, umeshaandika jina, limekwisha. Baba mkwe amesema wazi mbele ya mume wangu kwamba mkigeuka, hatakuwa na sababu ya kuangaliana na ukoo unaokula na kutapika. Unajua maana yake. Nina watoto watatu, mama. Wanabaki huku, mimi natoka na begi.

Agness ana kazi. Ana cheo, watu wanamwita sista. Sikio litapona. Mimi nikirudishwa nina nini? Mlimsomesha yeye, mimi mkanioza, sikulalamika. Sasa hii moja tu naomba.

Na usidhani napenda alichofanya Gibson. Alikuja hapa wiki iliyopita, akakaa kwenye kiti, mama yake akamsifu kwamba bila yeye kuwa mkali mtoto angekufa. Mimi ndiye niliyemmiminia chai. Nilimmiminia, nikanyamaza. Kunyamaza ninakujua. Na wewe jaribu.

Mwanao,
Yuliana


Mugango,
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Mkwe wangu Mzee Nathanieli,

Nakusalimu kwa heshima yako na ya nyumba yako. Mimi si mtu wa kuandikia wanaume wazima barua, na mtu hajibishani na mkwe, nimelelewa hivyo. Ndiyo maana nimeandika. Mdomo wangu ungeshindwa, mkono umekubali.

Ulikuja kwangu ukasema watoto wamesukumana. Hukusema kofi. Hukusema buti. Hukusema kwamba binti yangu alikuwa chini na mtoto wako anampiga teke. Hukusema kwamba aliinuka akamtibu mjukuu wako damu ikimtoka. Wewe ulijua. Gibson asingekuficha, maana nasikia anajisifia.

Kwetu, ini likishaliwa na pande mbili, neno limekwisha. Najua, nimezaliwa hapahapa. Sikatai. Lakini lile ini tulilila juu ya neno gani? Tulilila juu ya watoto waliosukumana. Basi hilo limekwisha, nalifunga, sitaliinua tena mpaka kufa. Hili la sikio la Agness hatujala chochote juu yake. Halikuletwa mezani. Ulilifunika, ukanihimiza nyama inapoa.

Halafu jambo la pili. Hata ungelileta, mimi singeweza kulila. Mimi sikupigwa. Jina langu kwenye karatasi ile linaweza kusamehe kofi nililopigwa mimi, na hapo kwangu hukunipiga, ulinidanganya tu.

Umemtishia Yuliana kwamba utamrudisha. Ng'ombe mlizoleta mlileta kwa ajili ya Yuliana, na Yuliana mnaye, amewazalia, anawapikia, anammiminia chai mtu aliyemvunja mdogo wake sikio. Hakuna hata kwato moja iliyokuwa ya Agness. Mkiona inafaa kumrudisha kwa kosa la Gibson, mlango wangu kwake hauna komeo. Ila siku hiyo mjue watu watauliza amerudishwa kwa nini, na mimi nitawajibu wote, mmoja mmoja, sina haraka.

Siku ya mahakama nitakuwepo.

Eufrasia, mama yake Agness
na mama yake Yuliana


Mwisenge,
3 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo.

Shangazi amenisomea ulichomwandikia Mzee Nathanieli, maana Marieta alinakili kabla hajaipeleka. Sijui nikwambie nini. Nilicheka pale pa ng'ombe, ikauma mbavuni.

Kesi inatajwa Jumatatu tarehe nane, Mahakama ya Mwanzo. Tarehe hiyohiyo nina rufaa ya sikio Mwanza, kwa daktari anayekuja mara moja kwa mwezi. Nikiikosa wanasema nisitegemee kusikia tena upande huu. Mpelelezi anasema kama mimi sipo, na ile karatasi ipo, hakimu ana haki ya kulifunga faili. Na hata asipolifunga, hakuna shahidi. Anasema watu wa kijiji wamekataa kutoa maelezo. Arobaini wote.

Nimeandika pia barua ya kuomba nisirudishwe zamu ya peke yangu. Kasmiri amenijibu kwamba upungufu wa watumishi ni wa nchi nzima, nisijione wa pekee. Kesi ikifa, mama, sirudi pale. Nitauza dagaa na Marieta. Siwezi kumpokea mgonjwa huku najiuliza mkono wa nani utanipiga.

Sikuombi chochote. Nakupa tarehe tu.

Agness


Bunda, kituo cha polisi, kwenye benchi la nje,
Jumatano, 10 Aprili 2024

Agness mwanangu,

Usishtuke ukiona nimekuandikia nikiwa polisi. Sijakamatwa. Nimekaa mwenyewe.

Nianze na Jumatatu. Nilifika mahakamani mapema nimevaa kitenge cha Pasaka. Wao walikuja sita. Mzee Nathanieli alinipita kama anapita mti. Yuliana alikuwa nyuma yao, aliniangalia miguu, hakupandisha macho. Sikumwita. Gibson alikuwa ametinga shati jipya, anatafuna kitu.

Hakimu ni mama, mtu mzima, ana miwani mbili, moja kichwani. Akauliza mlalamikaji yuko wapi, nikasimama nikamwonyesha nakala ya rufaa yako ya hospitali. Akaisoma. Kisha Mzee Nathanieli akaleta karatasi yao. Hakimu akaniita mbele.

"Bibi, hii sahihi ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Uliisoma kabla ya kuandika jina?"

"Nilifika mstari wa tatu."

Watu wakacheka. Gibson alicheka. Hakimu hakucheka, akaniuliza mstari wa tatu unasema nini. Nikamwambia unasema imepokea mbuzi dume mmoja mweupe, na hiyo ni kweli, nilimpokea, nikala. Yanayofuata sikufika.

"Sasa unaikana?"

"Siikani mheshimiwa. Jina ni langu. Ila sikio si langu. Mwenye sikio yuko Mwanza leo anaangaliwa kama litasikia. Mumsubiri yeye aseme kama amesamehe. Mimi nikisamehe, nimesamehe nini?"

Mzee akasimama akasema sisi ni wakwe, mambo haya yana utaratibu wa kwetu. Hakimu akamwambia, "Mzee, mtumishi alipigwa akiwa kazini, kazini pale si kwenu wala kwake." Karatasi akaiweka pembeni. Akasema shauri linaendelea tarehe ishirini na mbili, wewe uje, na uje na mashahidi walioona. Akalisema mara mbili hilo la walioona. Nikajua hapo ndipo tunakwama.

Nikalala kwa rafiki yake Marieta. Asubuhi ikawa Jumanne, nikapanda pikipiki mpaka zahanati kwako.

Nilitaka kuliona tu. Nikaona chumba. Nikaona kona ya meza, mwanangu. Wameifunika na kitambaa cha maua. Kasmiri akatoka, akaniambia, "Mama, leo ni siku ya kliniki, hapa ni mahali pa huduma." Nikamwambia mwanangu alipokuwa anahudumia, wewe ulikuwa wapi. Akasema semina. Nikamuuliza semina ya nini. Akaangalia viatu, akasema, "Huduma bora kwa mteja."

Nikamwacha hapo hapo. Nikatoka nje kwenye foleni. Kina mama ni wengi, wamekaa chini ya bati, watoto mgongoni, wengine wananyonyesha. Na hasira ilikuwa imenijaa mpaka kwenye meno, Agness. Nikasema kwa sauti, mimi ni mama yake sista Agness. Nikawaambia mwanangu amewazalisha nyinyi, hao watoto mliobeba amewashika kabla yenu. Akapigwa mbele yenu kama mwizi wa kuku. Mkaangalia khanga. Nikawaambia khanga zina nini cha kusomwa? Nikawaita waoga. Nikawaita na neno lingine la kwetu ambalo sitaliandika, bahati nzuri wengi wao hawaijui lugha yetu.

Mmoja akainuka. Mwembamba, mrefu, ana mtoto na ndoo. Anaitwa Shija. Akaniambia, "Bibi, punguza. Umetukuta hapa tumekaa na njaa zetu ukaanza kututukana. Mimi siku ile nilikuwa wa tatu. Niliona mkono, niliona alivyoanguka, niliona buti. Nilimziba mwanangu macho. Haya niambie, kuna askari amefika hapa kuuliza? Hajafika. Mganga alituuliza? Alitwambia tusiongee. Tungemwambia nani, mizani?"

Nikamuuliza, hakuna askari aliyekuja?

"Hata wa kuomba maji."

Na mpelelezi amekwambia wewe wamekataa. Arobaini wote wamekataa.

Hapo nilikaa chini. Nikawaomba msamaha, mbele ya Kasmiri na watoto wote. Shija akasema msamaha baadaye, una kalamu? Nilikuwa nayo, ile ya kukuandikia wewe. Akasema jina lake, la baba yake, na kitongoji. Nikaandika. Mwandiko wangu unaujua, wakasubiri kila herufi bila kunihimiza. Akaja wa pili. Wa tatu akasema mumewe analima na Gibson, akakaa, halafu akaondoka kabisa na mtoto hajapimwa. Sikumlaumu. Wa nne akasema anakumbuka hata rangi ya buti. Mmoja aliuliza kama unarudi. Nikamwambia sijui. Akasema mwambie wa sasa anachoma sindano kama anafunga gunia.

Majina kumi na moja. Wote wamesema watakuja tarehe ishirini na mbili, na Shija amesema ambaye hatakuja atamfuata na ndoo.

Nimeyaleta hapa kwa mpelelezi wako jana mchana. Akayaangalia juu juu akasema acha hapo nitayafanyia kazi. Nikamwambia siachi, nataka niyaone yanaingia kwenye faili, na niambiwe lini unaenda kuwachukua maelezo. Akasema nirudi leo. Leo nimerudi, akasema hana gari. Nikamwambia mimi nilienda na pikipiki, na mimi nina magoti mabovu. Akasema nirudi kesho.

Nimemwambia sirudi kesho kwa sababu siondoki leo. Nina uji kwenye chupa na nina karatasi ya kukuandikia. Ameshatoka mara mbili kuchungulia kama bado nipo. Mara ya pili alikuwa ameshika faili.

Sasa anatoka tena. Ana kofia mkononi, anamwita mwenye pikipiki. Ngoja nikamwelekeze njia.

Mama yako,
Eufrasia